Sala Ndefu ya Ifan

Kaka yangu Ifan aliomba mpaka maji yakageuka. Watu wa kijiji cha Aberdaron wanaisifu ile sala hadi leo, wanasema iliwatoa machozi. Mimi haikunitoa hata tone. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa, jicho moja kwenye jeneza la mama, jicho lingine baharini, na moyoni nachemka.

Mama alitaka azikwe kisiwani Enlli, ubavuni mwa baba. Hakuwa na ombi jingine. Ugonjwa ndio uliomleta bara, akalazwa chumba cha juu ya duka la Ifan, na kila nilipokuja kumwona alinishika mkono akasema, "Usiniache huku, Gwenno." Alipofariki, Jumatano, Ifan mwenyewe alinikumbatia akaniambia tutamrudisha nyumbani. Nilimwamini. Kaka yangu wa tumbo moja, nisimwamini kwa nini?

Sasa, kutoka Aberdaron kwenda Enlli lazima uizunguke rasi ya Pen y Cil, na mkondo wa pale haumjali marehemu wala mchungaji. Unapita wakati maji yamesimama, kati ya kujaa na kupwa, muda wa kunywa chai vikombe viwili. Ukichelewa, basi tena. Sisi tuliozaliwa kisiwani hatutazami saa, tunatazama maboya ya mitego ya kuvulia kamba. Mkondo ukikimbia, yanalala ubavu. Yakisimama wima, pandisha tanga. Ifan aliyajua hayo kabla hajajua kusoma.

Mchungaji alifanya haraka, Mungu ambariki. Tukaimba. Maboya yakaanza kuinuka, na binamu yetu Deio alikuwa na mashua tayari ufukweni. Ndipo Ifan, shemasi mkuu, akanyanyuka kitini na kusema tuombe.

Aliwaombea wafiwa, wagonjwa, mabaharia, wamisionari, mfalme. Deio akapanda kuja kuona kulikoni, akaninong'oneza, "Akimaliza binadamu ataanza na kondoo, huyu." Sikucheka. Maboya yalikuwa wima. Kwetu humkatizi mtu aliye katika sala; afadhali uchome kanisa. Kwa hiyo nilikohoa. Ifan akafungua macho, akaniona, kisha akatazama nyuma yangu, baharini. Akayafumba tena, akaanza kuwaombea ambao hawajazaliwa.

Tulipomfikisha mama ufukweni, maboya yalikuwa yameshaanza kuinama. Deio alisema tumechelewa. Nikamwambia apandishe tanga, maneno akae nayo.

Upepo ulikuwa wa mashariki, mzuri, unatusukuma. Lakini kwenye rasi tuliyakuta maji yamegeuka, yanakuja kutukabili, na upepo na mkondo vikikutana uso kwa uso, mawimbi pale husimama wima na kukuvunjikia mashuani. Tanga limejaa, maji yanapiga kelele mbele, ungedhani tunakwenda. Wapi! Lile jiwe la mwisho la rasi lilikuwa ubavuni petu, likabaki ubavuni petu, kisha likaanza kutuacha nyuma. Ng'ambo niliona vidoa vyeusi ufukweni: majirani, na mkokoteni wa kumbeba mama.

Nilishika kasia nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Wimbi likaingia, likalilowesha jeneza. Deio akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Gwenno, tutamzamisha shangazi."

Tukageuza mashua. Nililia kwa sauti, na sioni haya kulisema.

Ifan alikuwa ufukweni anatungoja, kofia kifuani. Nikasema tutajaribu tena maji yakisimama. Akanikumbusha, kwa upole ule wake wa dukani, kwamba itakuwa usiku, kwamba kesho ni Jumapili na kwetu Jumapili hakuna anayezika wala kupandisha tanga, na kwamba kwa joto hili la Agosti mama hawezi kukaa mpaka Jumatatu. Kila neno lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Maji ni ya Mungu, dada yangu," akasema. "Ameshaamua."

Tukampandisha mama tena hadi makaburi ya kanisani. Nilidhani tutawasubiri wachimbaji. Kumbe kaburi lilikuwa tayari, kingo zimenyooka, mahali pazuri panapoonekana kutoka barabarani, kando ya pale Ifan alipojitengea mahali pake pa kuzikwa. Nikakitazama kifusi. Kilikuwa kimekauka juu, kimejaa vijishimo vya matone ya mvua. Wiki ile mvua ilinyesha mara moja tu, Alhamisi, siku iliyofuata baada ya yeye kunikumbatia.

Sikupiga kelele, watu walikuwa wameanza kuimba. Nilimsogelea nikasema sikioni mwake, "Kaka, hukuwa unaomba. Ulikuwa unangoja."

Alinipa kitabu cha nyimbo, ameshanifungulia ukurasa.

Jumatatu nilirudi Enlli, mashua nyepesi, maji yamesimama kabisa. Lile kaburi majirani walilomchimbia mama ubavuni mwa baba lilikuwa bado wazi, majembe yamelazwa kando. Majirani walitaka kunisaidia, nikawakatalia. Nililifukia mwenyewe, tupu.