Jina la Enos Ukumbini

Hakuna kazi iliyowahi kumkondesha Elsie, karani wa kompyuta, kama ile ya kuhamisha ukumbi wa mazungumzo. Ukumbi wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta ya shirika la wakulima pale Garsen, mwaka wa tisini na tisa. Wanachama waliingia kwa laini ya simu, kutoka Hola hadi Mombasa, wakabishana kwa maandishi bei ya maembe na njia za mifugo. Programu ya zamani ilichoka, ikaletwa mpya. Majina yakakubali kuhama. Maneno ya siri yakagoma, maana ile ya zamani iliyavuruga yasisomeke, kwa namna ambayo hii mpya haikuielewa hata kidogo.

Basi Elsie akawapa wote neno moja la muda, na tangazo juu yake: kila mtu aingie, aandike "nipo", kisha ajiwekee neno lake. Asiyejibu kufikia Ijumaa, jina lake linafutwa.

Sharti hilo la kufuta aliliweka mwenyewe, na tusidanganyane, alijua kwa nini. Katika majina yale lilikuwemo la mumewe, Enos, mbishi wa kwanza ukumbini, aliyechukuliwa na mafuriko ya El Nino akivusha watu kwa mtumbwi pale kijijini Wema. Mwili haukuonekana. Tangu hapo Elsie hakukaa matanga wala hakuvua pete, na sasa mwalimu Jasper ameleta posa, anangoja jibu. Kumfuta Enos kwa mkono wake hakuweza. Aliiachia mashine.

Alhamisi asubuhi akafungua ukumbi. Enos alikuwa amejibu: Nipo.

Ofisi ikawa baridi, na Garsen lini ilikuwa na baridi jamani? Akilini alimwona akitoka majini, kalowa chapachapa, anauliza posa ni ya nani. Furaha ilimjia, na hofu, na aibu kwamba hofu ndiyo iliyotangulia.

Mashine ilionyesha kwamba aliyeandika aliingia kupitia ofisi ya shirika kule Hola. Akapiga simu huko. Karani wao, Kassim, akamwambia hakuja mtu jana ila Mama Sarah, mamake Enos, aliyehamia Kinakomba baada ya nyumba yake kubebwa na maji. Alilisikia tangazo likisomwa, akaomba mwanawe aandikiwe jibu. Na leo amerudi, kaketi pale benchini, anataka kujua kama jibu limefika. Kassim akampa simu.

"Mama, uliandika yupo," Elsie akasema. "Mimi nikadhani ni yeye."

"Nisamehe, mwanangu. Walisema asiyejibu anafutwa. Nikamjibia, kwa kuwa yeye hawezi." Mama akashusha sauti. "Enos amekufa, Elsie. Najua, nilimzaa. Wewe olewa. Ila usimfute."

Tangu mafuriko hakuna aliyethubutu kumtamkia hivyo. Elsie akaweka simu chini, akalaza kichwa mezani, akamlilia mumewe kilio cha msiba, mpaka wenye maduka ya jirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki.