Upande wa Simu

Evaresta alimwona kaka yake akiingia getini na mmea wa isale mkononi, na hasira ikampanda papo hapo. Si jani moja lililofungwa fundo, kama watu wenye adabu wanavyobeba. Aminiel alikuwa amekata isale zima na shina lake, refu la kumfika kifuani, ili majirani wote wa Lemara waliokuwa wanatoka kanisani walione. Nyuma yake alikuja baba mdogo wao, mzee Elisaria, na suti yake ya Jumapili. Hapo Evaresta akajua kwamba jambo limepangwa.

Kwa Wachaga, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii. Hata awe amekuchomea nyumba, unalipokea. Ukikataa, ubaya unakugeukia wewe, na ukoo utakusema mpaka siku unazikwa. Aminiel aliijua mila hiyo vizuri na ndiyo maana akaja nayo, na hilo ndilo lililomkera dada yake kuliko yote.

Alimwamkia baba mdogo, akampa kiti. Aminiel akaonyeshwa benchi. Kisha akaleta chai: ya mzee ya maziwa, ya Aminiel ya rangi. Ng'ombe alikuwa analia nyuma ya nyumba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudhani kwamba maziwa yamekosekana.

Kiwanja kile waliachiwa na baba yao. Upande wa kushoto kuna ofisi ya Aminiel, kulia ya Evaresta, katikati nyasi tu. Hapo ndipo walipoanzisha kampuni ya kuchapisha magemu, na gemu lililowatoa liliitwa Zizi: unalinda ng'ombe wa baba yako kwenye miteremko ya Meru, na fisi hawakupi nafasi. Mwanzoni lilinunuliwa na watu wa kompyuta, wengi wao wa ng'ambo. Pesa ikaingia, na ilipoingia tu, ndugu wakaanza kununiana. Ikabidi baba mdogo aitwe agawe. Aminiel, kwa kuwa ni mkubwa, akachagua kwanza. Zizi la kompyuta likawa lake, na la zile mashine za kuchezea kwenye runinga likawa lake pia. Kila mmoja agharamie upande wake, na kila mmoja ale cha upande wake.

"Wewe chukua simu, zinakutosha," alimwambia dada yake siku ile, mbele ya watu, huku anacheka. "Utawauzia watoto wa bando la jero."

Alijikatia mnofu, akamwachia utumbo. Evaresta hakulisahau lile cheko.

Akauchukua utumbo wake, akaupika. Yeye na Allen, fundi wake wa programu, walilipunguza Zizi uzito mpaka likakubali kwenye simu za bei rahisi. Akapanda nalo hadi Oldonyo Sambu, akakaa na vijana wachungaji, akaona jinsi mtandao ukikatika ng'ombe wote wanapotea na mchezaji anatukana. Akarudi, wakalirekebisha. Kisha akaligawa bure. Anayetaka kengele ya ng'ombe, au mbwa wa kusaidia kulinda, analipa vijisenti kwa simu hiyohiyo. Vilikuwa vijisenti kweli, ila vya watu wengi.

Upande wa pili mambo yalikwenda kinyume. Waliolitaka Zizi la kompyuta walishalinunua, na hakuna anayenunua kitu kilekile mara mbili. Mashine za runinga zikatoka mpya, gemu la zamani likagoma humo, na Aminiel akaona uvivu kulitengeneza upya. Mapato yake yakawa yanashuka kila mwaka, ya dada yake yanapanda, mpaka ofisi ya kushoto ikabaki na meza, kiti na Aminiel mwenyewe.

Badala ya kazi, akaanza maneno. Alipita kwa ndugu mmoja mmoja akisema dada yake kamwibia gemu. Alisema mwanamke asiyeolewa hana haja na pesa zote zile. Na sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la dada yake, isale limelala magotini, uso ameulegeza kama mtu aliyefiwa.

Baba mdogo akaeleza kilichowaleta. Kijana amekiri kwamba alisema vibaya. Anaomba asamehewe, ndugu wawe kitu kimoja tena, na mifuko miwili irudi kuwa mmoja. Evaresta akauliza, mfuko ukishakuwa mmoja, kinafuata nini. Aminiel akawahi kujibu kabla ya mzee. Kuna kampuni ya Dar inalitaka Zizi, lakini inalitaka lote, simu zikiwemo. Watajaza matangazo ndani yake. Mafundi wanao wao wenyewe, kwa hiyo Allen na wenzake watatafuta pengine.

Kumbe shida ilikuwa simu. Evaresta akamfikiria Allen, aliyelala kwenye sakafu ya ofisi ile miezi waliyokuwa wanalihangaikia gemu. Wakati ule alimchukia kaka yake, na hakujidanganya kwamba hamchukii.

"Mwanangu," baba mdogo akasema taratibu, "isale liko mbele yako."

Evaresta akainuka, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, kaka," alisema. "Yote uliyonisema, nimekusamehe."

Aminiel akashusha pumzi. Hapohapo mkono ukaingia ndani ya koti, ukatoka na mkataba uliokwisha kuchapwa, na kalamu juu yake. Mzee Elisaria akageuka kumtazama. Habari ya mkataba hakuwa ameambiwa.

Evaresta hakuugusa. Alitoka nje na isale lake, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda mpaka katikati ya nyasi, akachimba. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini. Jani tupu lisingesimama, lakini kaka yake alikuwa amemletea shina zima, na shina la isale linashika popote unapolichomeka. Kila Mchaga anaijua kazi yake nyingine: ndilo linaloonyesha kihamba cha huyu, shamba lake la urithi, kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Likishapandwa, haling'olewi.

"Kushoto kwako, kulia kwangu," alisema. "Kompyuta zako, simu zangu. Kama ulivyochagua."

Aminiel alikuja mbio nyuma yake, akamlalamikia baba mdogo kwamba isale lile lililetwa kwa ajili ya msamaha, si mpaka.

"Msamaha umepewa," mzee akasema.

Akautazama tena ule mkataba mkononi mwa kijana. Kisha akaingia kwenye nyasi na viatu vyake vya kanisani, akaukanyaga udongo kulizunguka shina, upande huu na upande ule, mpaka likasimama imara.

Aminiel akaukunja mkataba, akaurudisha ndani ya koti. Isale alilikata kwa mkono wake mwenyewe, na shahidi alimleta mwenyewe.

Evaresta akanawa mikono bombani. Hasira ilikuwa bado haijaisha, lakini neno la msamaha alilitamka kwa dhati. Akakichukua kikombe cha kaka yake, akaimwaga chai ya rangi iliyokwisha kupoa, akaingia jikoni kumchemshia ya maziwa.