Nyumba Ndani ya Nyumba

Bwana Lockyer alichomeka kisu chake cha mfukoni kwenye ufa, kikazama hadi mpini. Akakichomoa taratibu, akapangusa vumbi la chokaa kwenye suruali, kisha akanigeukia.

"Ukuta huu umekwisha, bibie. Mashine yenu inautikisa tangu enzi za mababu. Nitaandika kinu hiki cha maji kifungwe, na kabla ya Krismasi kibomolewe."

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1951, nami nina miaka ishirini na sita. Baba yangu, Jabez Pargeter, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kifua kikimkoroma. Vumbi la unga la miaka hamsini lilikuwa limemkaa mapafuni, na daktari alishamkataza kupanda ngazi. Tangu masika nilikuwa nasaga peke yangu, ingawa wakulima wa bonde letu bado walimsalimia yeye na kunipita mimi kama gunia.

Nilimtazama Baba nikidhani atajibu. Naye akanitazama tu.

"Mashine haigusi ukuta," nikasema.

Lockyer, mhandisi wa barabara za wilaya aliyetumwa kukagua jengo letu, akatabasamu. "Jengo zima linanguruma. Mimi nalisikia tangu kule darajani."

"Kunguruma linanguruma. Subiri hapo, nikuletee chai."

Leo magoti yangu hayataki ngazi, lakini nikifumba macho bado naweza kukipanda kinu kile chote bila kujikwaa. Waliokijenga, miaka mia mbili kabla yangu, walijua kwamba mawe ya kusagia, kila moja tani nzima, yakizunguka yataangusha nyumba yoyote. Basi wakajenga nyumba mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje ni ya matofali, kazi yake kuzuia mvua. Ya ndani ni kiunzi cha mwaloni, nguzo nene kuliko kiuno changu, zimesimama juu ya msingi wao wenyewe, nazo ndizo zinazobeba mawe na magurudumu. Kati ya kiunzi na ukuta pana mwanya wa kupitisha kiganja. Nilipokuwa na miaka sita, Baba aliushika mkono wangu akaupitisha pale.

Nikajaza kikombe mpaka chai ikafika ukingoni, nikakiweka dirishani, juu kidogo ya ule ufa. Nikashuka nikainua lango la maji.

Maji yakalipiga gurudumu la nje. Likasita, likaguna, likaondoka. Kule shimoni, chini ya sakafu, gurudumu kubwa la ndani likaanza kusukuma jingine dogo, meno ya mti wa tufaha yakiumana na meno ya chuma. Yale ya mti niliyachonga mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, mia moja na ishirini, na kila moja liliingia mahali pake bila kugonga. Juu jiwe likaanza kuimba. Kiunzi nilikijua, lakini ufa sikuujua.

Nilipopanda nilimkuta Lockyer ameinamia kikombe, pua karibu iguse chai. Ilikuwa imetulia tuli. Nikamwambia ashike nguzo ya mwaloni. Alishika, akauondoa mkono haraka, maana mtetemo ulimpanda hadi kwenye kiwiko.

"Sasa ufa umetoka wapi?" akauliza.

"Hilo sasa ni lako, Bwana Lockyer."

Alitoka nje, akazunguka kona ya jengo, akapiga magoti kwenye matope. Mtaro wa barabara mpya, uliochimbwa miaka miwili nyuma, ulikuwa unamwaga maji chini ya msingi wa ukuta.

"Mtaro huu niliuchora mimi," akasema.

Angeweza kunyamaza. Nami ningeweza kumcheka. Nikampa koleo la kuchimbia.

Mtaro ulihamishwa na kona ikajengwa upya kwa wiki tatu. Mawe yetu hayakusimama hata siku moja.

Wiki iliyofuata Eli Stickland, mkulima wa ng'ambo ya mto, alisimamisha mkokoteni wake wa shayiri mlangoni, akamwinamia Baba kwenye kigoda.

"Habari za asubuhi, msagaji. Unaweza kunisagia leo?"

Baba akainua kidevu kuelekea darini.

"Msagaji yuko juu," alisema. "Paza sauti. Akiwa kazini hasikii vizuri."

Nilisikia kila neno. Sikushuka upesi.