Bitana ya Siméon

Divine aliposema ataagiza kimono kutoka Japani, mimi nilifikiri ni zile nguo nyeupe za judo, maana kwetu Bukavu kimono ni hiyo tu, na mkanda wake. Mume wangu Siméon akacheka.

"Mama Wilondja, jiandae. Mkwe anataka tujifunze kupigana uzeeni."

Kumbe ni hariri. Divine ni mke wa mwanangu Wilondja. Hoteli aliyokuwa anasafisha ilifungwa kwa ajili ya korona, naye akaona kwenye simu vile watu wananunua majoho ya zamani ya Kijapani kwa robota, wanayafumua, wanashona mito ya sofa na vitambaa vya meza. Cherehani mimi naijua tangu kwa masista. Basi sebule yetu ya huku ugenini, Merrylands, ikajaa nguo za watu ambao hatutawajua kamwe.

Kufumua kunataka moyo wa subira. Mafundi wale walishona kwa mkono, mshono mrefu na mwepesi, kama waliojua kwamba siku moja atakuja mwingine kuufungua. Unaingiza ncha ya sindano, unavuta polepole, uzi unatoka mzima, na joho linarudi kuwa vipande vilivyonyooka kama kitenge kipya dukani. Ndani ya mikono mipana ya majoho nilikuta mara karatasi laini ya kupangusia pua, mara punje ya mchele, mara harufu ya dawa ya nondo.

Divine aliweka utaratibu wake. Nguo ikifika inakaa vilevile, haijageuzwa. Akishaikagua madoa na kuikubali, anaigeuza nje-ndani na kuiweka kwenye benchi la chini ya dirisha. Nguo iliyogeuzwa ni ya kukata, hakuna kuulizana. Siméon naye benchi lile lile ndilo alilokuwa anakalia, juu ya hariri za watu, akiota jua.

Koti moja la kiume Divine alilikataa palepale. Lilikuwa la kahawia, halina ua hata moja, na nondo wamelila begani.

"Papa, chukua hili, haliuziki."

Siméon alilivaa baridi yote ya Juni, maana huku Juni ndiyo baridi. Siku moja alikuwa anapasha mgongo joto kwenye hita, pindo la nyuma likaungua, likatoboka nje na ndani. Nikaliziba kwa uzi mwekundu, kwa kuwa wa kahawia sikuwa nao. Hapo ndipo nilipoona alichokuwa anakificha. Bitana ya koti lile ilichorwa mlima wa theluji, chini yake ziwa, na katikati ya ziwa kisiwa.

"Huyu Mjapani alifika Bukavu," Siméon akasema. "Ziwa letu hili. Kisiwa cha Idjwi kile pale."

"Idjwi ina mlima wa theluji?"

"Wewe uliitazama lini vizuri? Macho yako yalikuwa kwenye mihogo."

Alilivaa limefungwa, hakumwonyesha mtu. Alisema wanaume wa kule wana akili, uzuri wanauweka ndani, nje wanaacha ya kumdanganyia mtoza kodi.

Mwezi wa saba korona ikamkuta. Watu wa ambulansi walikuja wamejifunika mwili mzima kama wapiga dawa ya nzige. Mlangoni akavua koti, akaniwekea mikononi. "Nishikie, narudi." Nilimwona tena ndani ya simu ya nesi tu. Pajama aliyokwenda nayo hawakuturudishia. Mazishini tuliruhusiwa watu wachache, na hao wachache tulisimama mbalimbali kama wenye ugomvi, helikopta ya polisi ikizunguka juu yetu.

Sasa, katika ukoo wetu, mjane haifui nguo ya mwisho aliyoivaa marehemu. Anaigeuza nje-ndani na kuiweka pale alipozoea kukaa mwenyewe, mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo mdogo wa marehemu anaigeuza upande wake, anaivaa mbele ya watu, na hapo mjane anavua nguo nyeusi. Bila hivyo kilio hakijaisha, hata miaka ipite.

Mdogo wake Siméon ni Gratien, na Gratien yuko kizuizini Villawood, mambo ya viza. Kutoka kwetu si mbali, lakini korona ilifunga mlango wa wageni. Alinipigia simu analia.

"Shemeji, nitunzie koti la kaka. Siku watakayofungua nitalivaa, hata mbele ya walinzi."

"Liko. Nimeligeuza, liko benchini kwake."

"Asante. Kwake nimebakiwa na hilo tu."

Nami homa ikanishika. Nililala chumba cha nyuma, mlango umefungwa, Divine akiniachia uji kizingitini na kurudi kwenye mashine. Nilikuwa nasikia cherehani inavyokimbia, nikamshukuru Mungu kwamba nyumba ina mtu wa kazi.

Nilipopata nguvu ya kufika sebuleni, benchi lilikuwa tupu.

"Divine, koti liko wapi?"

"Koti gani, Mama?"

"La Papa. La kahawia."

"La kahawia sijaliona. Kulikuwa na moja tu, lenye picha ya mlima, upande wa pili limeliwa na nondo..." Mkono ukaenda mdomoni. "Mama, nilidhani wewe ndiye uliyelikagua. Lilikuwa limegeuzwa."

"Nililigeuza kwa sababu amekufa."

Akakaa chini, palepale kwenye nyuzi. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Lakini lilikuwa limegeuzwa, Mama." Na ni kweli. Divine alizaliwa kambi ya wakimbizi. Kule watu walizikwa haraka, na nguo ya marehemu aliivaa aliyekuwa anasikia baridi. Nani angemfundisha?

Bitana ilitoa mto mmoja, nao ulikuwa umeshauzwa. Nje ya kahawia, yenye jasho la Siméon, ilikwenda na gari la taka.

Aliyenunua ni mama mmoja wa upande wa bahari, kule ambako watu walikuwa wanaota jua ufukweni wakati sisi tunagongewa milango na wanajeshi, kukagua kama tumejifungia. Alimtumia Divine picha ya kushukuru. Sofa nyeupe, mto katikati, mbwa amelala, kichwa amekilaza juu ya ziwa letu. Kwenye kona niliuona uzi wangu mwekundu.

Divine alimwandikia. Alimweleza kila kitu, akamwomba aurudishe achague mito mingine yoyote. Jibu lilikuja la adabu sana. Wilondja akanitafsiria huku anatazama sakafu.

"Anasema pole sana, Mama. Anasema hawezi kuutoa. Pale palipozibwa kwa uzi mwekundu ndipo alipopapenda. Anasema unaona kabisa kwamba mto una roho."

"Mwambie najua ni ya nani."

Hakuandika hivyo. Keshoye Divine alikuja na karatasi nyekundu za kubandika, macho yamevimba. "Mama, tutabandika hizi kwenye nguo zisizotakiwa kukatwa. Ili tusikosee tena."

"Tusikosee nini tena, mwanangu? Siméon alikuwa mmoja."

Villawood walipofungua mlango wa wageni, nilikwenda. Kwenye simu sikuwa nimeweza kumwambia. Gratien alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, amelifunga mpaka kifungo cha juu. Alikuwa amewaita Wakongo wenzake wawili wa humo ndani wakae karibu, wawe ndio watu wa kushuhudia. Akautazama mkoba wangu.

"Shemeji, liko humo?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, taratibu, mpaka mbwa. Wale wawili wakainamisha vichwa.

Gratien akacheka, kicheko kibaya, cha puani.

"Kwa hiyo kaka amekaribishwa sebuleni kwao. Mimi miaka yote hii nabisha hodi, bado niko mlangoni."

Akafungua kile kifungo cha juu. Nilirudi nyumbani na nguo zangu nyeusi, na nyeusi ndizo nilizovaa hapa nilipo, nafumua majoho. Divine akiniomba niyageuze, namwambia ageuze mwenyewe.