Kisanduku cha Herufi Mia

Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko marefu ambayo mwalimu mkuu, kwa uhaba wake wa maneno, aliyaita kusimamishwa shule. Ndipo nikateuliwa kuwa macho ya Bibi.

Presha ya macho ilikuwa imeshaua jicho lake la kushoto. La kulia, daktari alisema, halitafika mwakani bila kupasuliwa. Nafasi za upasuaji zilikuwa ishirini, zikiombwa kwenye tovuti ya kliniki tu, kuanzia saa nne asubuhi. Tovuti yenyewe aliibuni Mjomba, mwanawe Bibi wa kumzaa. Waliijaribu wenzake wanne wa ofisini, vijana wenye macho ya mwewe, wakaisifu: maandishi ya kijivu juu ya weupe, safi kama shuka la hoteli.

Saa nne kamili nikafungua.

"Eleza tatizo lako," nikamsomea.

"Waambie hamjambo, wanangu. Poleni na kazi."

"Bibi, hiki ni kisanduku. Hakiamkiwi."

"Kwani huko ndani hakuna watu? Andika! Mwenye shida haanzi na shida."

Ningeweza kumdanganya. Ila mara ya mwisho nilipomjazia fomu, penye kazi niliandika "bondia mstaafu", na kliniki ikamrudisha nyumbani. Tangu siku hiyo kila neno nalisoma mara mbili kwa sauti, naye ananishika mkono.

Salamu zilipofika kwa watoto wa daktari, herufi mia za kisanduku zikaisha. Nikafuta.

"Umefuta nini, we mtundu?"

Tukaanza upya. Dakika tatu zikapita, ukurasa ukatutoa nje. Tuliporudi, nafasi zote zilikuwa zimekwisha.

Nikampigia Mjomba.

"Dakika tatu zinatosha," akasema. "Sisi tulijaza kwa sekunde arobaini."

"Si mngemwita Bibi ajaribu?"

"Ningemsumbuaje mama mgonjwa, mpwa wangu?"

"Basi mwingize wewe."

"Siwezi. Nimeshaikabidhi kwa kliniki." Akashusha sauti. "Usimwambie ni mimi niliyeweka dakika tatu."

Bibi akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamejaa. Mpaka mwakani."

Hakulia. Aliniambia nivute kigoda nikae dirishani, nisicheke, nisikunje uso. Akanisogelea hadi pumzi yake ikanigusa shavu.

"Kumbe umeota chunusi," akasema. "Geuka upande wa pili, niuone uso wote."