Orodha ya Asubuhi

Midomo ya Bibi Honorata ilikuwa ikivimba mbele ya macho yangu, na kwenye kioo cha kompyuta bado palisomeka: hana mzio. Nilitafuta jina lake tena. Hana mzio. Daktari Telesphory alikuwa amepiga magoti sakafuni akimchoma sindano ya pili, ya kumwokoa na ile ya kwanza, huku akipiga kelele oksijeni iletwe. Mimi nilisimama kama gogo.

Zahanati yetu ya njia ya Ujiji ilikuwa na kompyuta moja ndogo, na taarifa zote za wagonjwa zilikaa kwenye kadi yake ya kumbukumbu. Kila ukiuliza jina, ilipekua kadi nzima toka mwanzo. Muuguzi Marcelina alikuwa akiuliza, anakwenda kunawa mikono, anarudi, bado inapekua. Basi mimi, fundi wao, nikajitia ujanja: asubuhi mashine isome kadi mara moja, ibebe orodha yote kichwani, na ijibu kutoka humo mpaka jioni. Kadi isiguswe tena ila kuandikwa mapya.

"Bariki, sasa inajibu kabla sijamaliza jina!" Marcelina alisema. Wiki nzima nilitembea mabega juu.

Zamani, wakati tukiisubiri mashine, daktari alikuwa akimuuliza mgonjwa mwenyewe: dawa gani inakudhuru? Lilikuwa swali la kupitishia muda tu. Mashine ilipochangamka, swali likafa, na hakuna aliyelizika.

Siku ile, saa tatu asubuhi, Bibi Honorata, muuza mawese wa Mwandiga, alimwambia Marcelina mapokezi kwamba mwaka jana penisilini ilimwangusha huko Kasulu. Marcelina akaandika, kadi ikapokea. Saa saba daktari akauliza, na mashine ikamjibu kwa orodha iliyoamka nayo. Akavuta penisilini kwenye bomba la sindano.

Kesho yake niliketi kando ya kitanda cha Bibi Honorata nikamweleza yote, bila kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, midomo bado mizito.

"Ego, ndiyo, mwanangu," alisema. "Kwa hiyo hapa kwenu mnasikia mara moja kwa siku?"

Alinyoosha kidole kwenye kikombe cha uji, nikamshikia anywe. Nusu yake niliimwaga kwenye shuka.