Namba ya Trevor

Leanne Pascoe alifanya kazi katika maabara moja ya Adelaide, Australia, iliyotafuta dalili za ugonjwa wa Alzaima kwenye damu, miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Walipohitajika wazee wenye afya wa kujitolea, mumewe Trevor, mwalimu wa michezo aliyestaafu, alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Sharti lake lilikuwa moja: majibu asipewe. Baba yake alikufa hamtambui mtu, na Trevor hakutaka kuishi akiingoja zamu yake.

Mirija ya damu haikuandikwa majina, namba tu. Lakini Trevor alirudi nyumbani na kibandiko kimenasa kwenye shati.

"Mia nne na saba," alisema akicheka. "Hata uwanjani sikuwahi kupewa namba kubwa hivi."

"Kibandue hicho. Sitakiwi kukiona."

Alikuwa ameshakiona.

Wiki iliyofuata mrija wa namba hiyo ulifika mikononi mwa Leanne. Angeweza kumpa mwenzake, ila alijiambia kazi ni kazi. Protini ya ugonjwa ilikuwa juu, juu sana. Akarudia kipimo. Majibu yakatoka yaleyale.

Ghorofa ya juu ya jengo hilohilo, madaktari walikuwa wanaanza kujaribu dawa kwa watu wa namna hiyo hasa: damu imeshaonyesha, akili bado timamu. Waliokwisha kupoteza kumbukumbu hawakupokewa. Na hakuna aliyeingia bila kwanza kuelezwa majibu yake.

Akisema, amevunja kiapo cha kazi na neno alilompa mumewe. Akinyamaza, nafasi inampita huku akiitazama. Leanne akanyamaza. Alipika, akafua, akakaa naye uwanjani kutazama mechi, na kila Trevor aliposita kutafuta neno, yeye aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza.

Jumamosi moja Trevor alisahau pai za nyama kwenye oveni, zikaungua zikawa makaa. Leanne alifungua dirisha kutoa moshi.

"Si kitu, mpenzi. Nitatengeneza nyingine."



"Zamani ningeshaitwa bwege mara tatu," alisema Trevor. "Tangu lini umekuwa mpole hivi?"

"Nimechoka tu."

"Lea. Namba yangu imepita kwako."

Leanne aliendelea kukwangua sinia. Kusema ndiyo hakuruhusiwa, na kumdanganya hakutaka. Trevor akavuta kiti, akaketi.

"Usiniambie," alisema.

"Kuna dawa wanaijaribu, Trev. Kwa wale ambao bado..."

"Nimesema usiniambie."

"Lakini umeshajua."

"Ninachojua ni kwamba mke wangu ameacha kunigombeza. Hilo nitaishi nalo. La mashine yenu, siwezi."

Jumatatu Leanne alikwenda kumweleza mkuu wake ukweli, akahamishiwa kitengo kingine. Mkuu alimpigia Trevor simu kumkumbusha kwamba ruhusa ya kubadili mawazo na kuomba majibu anayo. Trevor alimshukuru kwa adabu, akakata.

Majira ya baridi nafasi za majaribio zilijaa. Siku nafasi ya mwisho ilipochukuliwa walipanda tramu, treni ya mitaani, kwenda ufukwe wa Glenelg, na njiani Trevor alimsimulia mechi aliyokwisha kumsimulia asubuhi, bao kwa bao. Leanne hakujua kama amesahau, au ni mazoea yake tu. Tangu ujana alikuwa mtu wa kurudia hadithi. Na kumuuliza mwenyewe kungekuwa kumwambia.